Ijue kalibu kabla ya kuligumisha povu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuchonga modeli za povu za kutengenezea kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia au kufinyangia bidhaa, imewafaa wengi, hasa pale ilipofafanua namna ya kuhamisha mchoro kutoka karatasini hadi kwenye bloku. Lakini kuna jambo moja ndani yake linalohitaji kusahihishwa kabla halijawatia watu hasara. Imeelezwa kwamba povu likishachongwa hupakwa rezini, yaani kimiminika kinachoganda kuwa kigumu kama plastiki, kisha fila ya magari, ile puti ya kujazia mabonde ya bodi, kisha hupigwa msasa. Anayefuata maelekezo hayo akiwa na stairofomu, yaani lile povu jeupe la punje punje linalofungashiwa televisheni, atabaki na shimo mahali palipokuwa na modeli. Rezini inayopatikana kwa wingi ni ya poliesta, na ndani yake mna stairini, ambayo ndiyo malighafi ya polistirini yenyewe. Zikikutana, polistirini huyeyuka na kurudi kuwa ute. Fila ya magari nayo ni poliesta iliyochanganywa na unga. Unga haupunguzi ukali wa stairini hata kidogo.

Kosa hilo limetokana na mpangilio. Makala ilianza na povu na kumalizia na kalibu, ilhali kazi hii hupangwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Amua kwanza kalibu itakuwa ya nini: silikoni ya kupaka, silikoni ya kumimina, faibaglasi, jasi, au mchanga wa kusubia chuma. Kila moja ina namna yake ya kulitesa povu. Silikoni hupenya kila kitundu. Faibaglasi, ambayo nyuzi zake hulowekwa kwa rezini ya poliesta, huja na stairini na joto. Jasi huja na maji na uzito, na mchanga huja na kipigo cha kushindilia. Gamba gumu linalowekwa juu ya povu lipo ili lihimili adha hiyo mahususi, na ndiyo sababu hakuna kigumishaji kimoja cha kazi zote, hata kama lebo ya kopo inadai hivyo.

Tuanze na povu lenyewe. Stairofomu ya punje huwa na uzito wa kilo 15 hadi 30 kwa mita ya ujazo. Ni nyepesi na rahisi kupata, lakini punje hung'oka chini ya msasa na kuacha vishimo. Polistirini ya mbao za buluu au waridi, zile zinazotumika kuzuia joto kwenye kuta, haina punje. Vyumba vyake vya hewa ni vidogo na vimefungwa, uzito wake ni kilo 28 hadi 45, na huchongeka kwa ukingo safi. Ile ngozi yake ya juu inayong'aa lazima iondolewe kwa msasa, maana gundi na rezini hazishiki vizuri juu yake. La tatu ni povu gumu la poliurethani, ambalo huanzia kilo 30 na kupanda hadi mamia. Haliliwi na stairini wala haliyeyuki kwa thina, ndiyo maana watengeneza kalibu za faibaglasi hulipenda. Ubaya wake ni vumbi. Na likiwa chini ya kilo 60 hivi, hupondeka kwa kidole tu kabla hata hujalipaka kitu. Mabaki yasiyo na lebo yanajulikana kwa tone moja la asetoni: polistirini, ya punje au ya mbao, huzama papo hapo na kugeuka utando unaonata, na poliurethani hubaki ilivyo.

Ukataji wa polistirini kwa waya wa moto ni safi iwapo waya ni wa nikromu wenye unene wa milimita 0.3 hadi 0.5, umekazwa kwa springi, na umeme wake unadhibitiwa. Waya haupaswi kuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu unayeyusha mbele yake kuliko unavyokata, na mkato unakuwa mpana na wenye mawimbi. Ukisukumwa kwa nguvu katikati hubaki nyuma huku ncha zikitangulia, na uso unatoka na tumbo. Basi ni mwendo wa pole usiosimama, kwa sababu popote mkono unaposita pataachwa mfereji. Poliurethani haikatwi kwa waya wa moto kabisa. Haiyeyuki, inaungua, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni. Hiyo hukatwa kwa msumeno wa meno madogo, tupa ya mbao na msasa. Polistirini nayo hutoa mvuke wa stairini inapokatwa kwa moto, kwa hiyo madirisha yawe wazi na mwenye kukata asiiname juu ya waya.

Kuunganisha matabaka ndiko kunakoharibu modeli nyingi bila mwenyewe kujua hadi mwishoni. Gundi ikikauka ngumu kuliko povu, msasa unalila povu na kuiacha gundi, na unapata mstari uliosimama ambao haushuki hata upige msasa siku nzima. Weka gundi ndani tu, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye uso utakaochongwa. Ule mwanya unaobaki ukingoni utajazwa baadaye. Gundi ya poliurethani inayofura kwa unyevu hushika vizuri, lakini inasukuma matabaka yaachane, kwa hiyo weka uzito juu kwa saa kadhaa. Gundi nyeupe ya mbao inafaa pia, ila katikati ya vipande vikubwa huchukua siku nyingi kukauka, kwa kuwa povu haliruhusu maji kupita. Gundi ya viatu na zile za kopo la kupulizia zina viyeyushi vinavyokula polistirini, isipokuwa lebo iseme wazi kwamba zinafaa kwa povu.

Kabla ya kushika tupa, punguza vipimo. Gamba litachukua nafasi: matabaka mawili ya kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200 ni karibu nusu milimita, puti ya kusawazisha ni milimita 1 au zaidi kidogo, na praima ni sehemu ya milimita. Jumla ni kama milimita 2 kila upande. Kitu cha sentimita 30 kikatwe sentimita 29.6. Asiyefanya hivyo hujikuta anasaga gamba hadi kulitoboa ili arudi kwenye kipimo, na gamba lililotobolewa ni afadhali lisingekuwepo. Ncha kali nazo zizungushwe kidogo, kwa kuwa kitambaa hakikubali kukunjwa kwenye ukingo mkali. Kinanyanyuka, na chini yake hubaki hewa. Kama ukingo mkali unahitajika, ujengwe baadaye kwa puti. Kuta zinazosimama zipewe mwinamo wa digrii 1 hadi 3 iwapo kalibu itakuwa ngumu. Palipojikunja kuingia ndani ama pajazwe, ama kalibu igawanywe vipande, ama uchague silikoni.

Katika uchongaji wenyewe, shuka kwa ngazi: kisu cha meno, kisha tupa, kisha msasa namba 60 au 80 uliobandikwa kwenye ubao, na kwa povu lisilo na punje maliza na namba 180. Ubao wa msasa uwe mrefu. Vidole pekee huchimba mabonde yasiyoonekana kwa jicho ila huonekana mara tu praima inapong'aa. Vumbi la polistirini lina umeme tuli na linang'ang'ania, na brashi kavu huliviringisha tu. Kitambaa chenye unyevu kidogo, au ukungu wa maji kabla ya kusafisha, huliondoa. Kisha acha povu likauke kabisa, maana epoksi, ile rezini itakayopakwa juu yake, haitaki maji.

Sasa gamba. Kwa polistirini inayotengenezewa kalibu ya faibaglasi, au modeli yoyote itakayopigwa msasa kwa nguvu, njia ya kutegemewa ni epoksi. Haina stairini na haili povu. Hatua ya kwanza isiwe kitambaa. Changanya epoksi na unga wa silika na vitufe vidogo vya kioo hadi mchanganyiko usitiririke unapogeuza kisu cha puti, kisha ukwangue juu ya povu ukijaza vishimo tu, bila kuacha unene. Hesabu gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Ukimwaga epoksi nyepesi moja kwa moja kwenye stairofomu ya punje, itazama kwenye nafasi kati ya punje, kitambaa kitabaki kikavu, na modeli itakuwa nzito bila kuwa ngumu.

Huo ute ukiwa bado unanata, laza kitambaa kilichosokotwa, cha gramu 160 hadi 200, na ukiloweshe kwa brashi au rola. Kitambaa hunywa rezini karibu sawa na uzito wake. Kikiwa kimelowa sawasawa huwa hakionekani. Madoa meupe ni hewa, na maeneo yanayong'aa kama dimbwi ni rezini iliyozidi, ikwangue. Tabaka la pili lifuate kabla la kwanza halijakauka, ili yashikane kikemia pasipo haja ya msasa. Mkeka wa faibaglasi wa nyuzi zilizotupwa ovyo haufai hapa: aina nyingi zimefungwa kwa unga unaoyeyushwa na stairini, na epoksi haina stairini ya kuulainisha.

Vipimo vya hadina, yaani kile kinachochanganywa na rezini ili igande, havibahatishwi. Katika poliesta hadina ni kichochezi, na kuongeza au kupunguza kidogo hubadilisha mwendo tu. Katika epoksi hadina ni sehemu ya kiungo chenyewe. Ikizidi au ikipungua, sehemu isiyopata mwenzake hubaki laini milele, wala jua haliiponyi. Tumia mizani inayosoma gramu moja, na angalia kama uwiano kwenye kopo ni wa uzito au wa ujazo, kwa sababu hivyo viwili havifanani. Koroga dakika mbili tatu ukikwangua kuta na chini, kisha hamishia kwenye chombo kingine ukoroge tena. Usichanganye zaidi ya gramu 300 kwa mara moja. Epoksi iliyoachwa imejaa kwenye kopo hujipasha yenyewe na kupita nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali polistirini huanza kulegea karibu na nyuzi 80. Ukiimimina kwenye sinia pana mara tu baada ya kukoroga, joto hupata pa kutokea na muda wa kufanya kazi hurefuka. Kwa sababu hiyohiyo usijaze shimo la kina kwa epoksi mara moja. Itachimba pango chini yake.

Na kuna jambo la hewa, ambalo makala haikuligusa kabisa ingawa ndilo chanzo cha malengelenge mengi. Ndani ya povu na katikati ya punje mna hewa. Ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 35 hupanuka kwa takriban asilimia 5, na njia yake ya kutokea ni kupitia rezini iliyo mbichi. Ukipaka asubuhi wakati joto linapanda, au ukitoa modeli juani ikauke haraka, utakuta vitundu na mapovu kila mahali, na kila ukijaza vinarudi. Paka jioni, joto linaposhuka. Hewa inasinyaa na kuivuta rezini ndani badala ya kuisukuma nje. Modeli na rezini vikae chumba kimoja tangu mapema ili vilingane joto.

Baada ya saa 24 hivi gamba hupigika msasa, lakini lioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sponji ya kusugulia. Hadina nyingi za epoksi huacha utando wa nta juu, hasa hewa ikiwa na unyevu. Utando huo huziba msasa, huzuia rangi kushika, na mbaya zaidi huzuia poliesta kukauka. Usijaribu kuutoa kwa thina, unautandaza tu. Puti ya kusawazisha iwe epoksi yenye vitufe vya kioo kwa wingi na silika kidogo. Silika peke yake hutoa puti ngumu kuliko gamba, na msasa utakula pembeni na kuacha nundu. Unga wa talki ni mbadala wa bei nafuu, mzito zaidi, lakini unasagika vizuri.

Hapo, na hapo tu, fila ya magari inaingia kazini, kwa marekebisho madogo juu ya epoksi iliyokauka, kuoshwa na kukwaruzwa. Tundu moja la sindano katika gamba linatosha. Stairini hupita, hula povu kwa chini, na juu hakuonekani kitu. Gonga kwa ukucha modeli nzima: sauti ikibadilika kuwa ya utupu, toboa, kata hadi kwenye povu zima, jaza kwa puti ya epoksi. Kuongeza fila juu ya pango ni kuongeza stairini. Kwa modeli ya poliurethani hofu hii haipo, na hapo ushauri wa makala ni sahihi: rezini ya poliesta moja kwa moja, kisha fila. Laiti ingesema tu kwamba inazungumzia povu hilo.

Wapo watakaouliza njia rahisi zaidi. Ipo, kwa kalibu ya silikoni au jasi na modeli isiyohitaji kung'aa. Gundi nyeupe ya mbao ikichanganywa na jasi laini hutoa koti linalopakwa kwa brashi, tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Vipande vya shashi vikiwekwa kati ya matabaka, koti halipasuki. Mchanganyiko wa jasi na rezini ya akriliki ya maji ni bora zaidi. Vyote viwili vina mipaka. Gundi nyeupe hulainika upya ikikaa na maji, kwa hiyo chini ya kalibu nene ya jasi mbichi inahitaji tabaka mbili za shelaki au vanishi juu yake, zikipakwa koti likiwa kavu na lisilo na ufa. Na kamwe isihesabiwe kuwa kinga dhidi ya stairini. Rangi ya ukuta vivyo hivyo: huonekana imeziba, kumbe imejaa vitundu.

Umaliziaji hautaki maneno mengi. Praima nzito ya vijenzi viwili, kisha vumbi jembamba la rangi nyeusi ya kupulizia juu yake, kisha msasa namba 220 kwenye ubao mrefu. Palipobaki peusi ni bonde. Jaza, rudia, panda hadi 400, na kwa kalibu ya faibaglasi hadi 800 au zaidi. Kalibu hunakili kila kitu, hata mng'ao: modeli isiyong'aa haitoi bidhaa inayong'aa. Rangi ya kupulizia iguse gamba pekee, kwa kuwa viyeyushi na gesi ya kopo hula polistirini iliyo wazi.

Kwa silikoni, tatizo la kwanza ni kemia. Silikoni inayokauka kwa platinamu hugoma juu ya salfa, bati, amini na baadhi ya poliesta, yaani hubaki ute palipogusana na modeli. Udongo wa kufinyangia wenye salfa uliotumika kuziba mwanya mmoja huharibu kalibu nzima. Epoksi yenye hadina ya amini ambayo haijaiva vizuri nayo ni ya kutiliwa shaka, kwa hiyo ipe wiki nzima, kisha ipake shelaki au vanishi ya akriliki. Silikoni ya bati haina madeko hayo, ila husinyaa kidogo na kalibu yake haiishi miaka mingi. Ya aina yoyote, ijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Tabaka la kwanza liwe jembamba, lipakwe kwa brashi ya nywele laini hadi kila kona iguswe, na mengine mazito yafuate hadi milimita 6 hadi 10, kila moja likiwekwa la chini likiwa bado linanata. Koti la jasi au faibaglasi hufungwa juu, kwa sababu silikoni peke yake haishiki umbo. Silikoni haishikamani na vitu vingi, ila juu ya povu ambalo vyumba vyake vimekatwa wazi hujifunga kwa kujipenyeza, na kuing'oa ni kuichana.

Anayemimina silikoni katika kisanduku akumbuke kwamba povu huelea. Modeli ya lita 10 husukuma kando kilo 11 za silikoni, na yenyewe, gamba na vyote, pengine ina kilo 1. Zinabaki kilo 10 zinazoivuta juu. Gundi ya chini mara nyingi haitoshi. Panda kipande cha ubao ndani ya povu tangu wakati wa kuunganisha matabaka, ukifunge kwa skrubu kupitia sakafu ya kisanduku. Modeli ikishaanza kuinuka katikati ya umiminaji hakuna la kuokoa, na silikoni si bidhaa ya kumwaga.

Kalibu ya faibaglasi huanza na nta ngumu isiyo na silikoni ndani yake, tabaka 4 hadi 6, kila moja ikisuguliwa na kupumzishwa saa moja. Juu yake hupulizwa utando wa polivinili alkoholi, ukakauka. Utando huu huitwa PVA kwa kifupi, na gundi nyeupe nayo huitwa hivyo hivyo. Anayeagiza kwa herufi tatu tu anaweza kuletewa kisicho chake. Kisha jelikoti, yaani rezini nzito isiyo na nyuzi inayokuwa uso wa kalibu, unene wa milimita 0.6 hadi 0.75, takriban gramu 700 hadi 900 kwa mita ya mraba. Ikiwa nyembamba mno haikauki vizuri, na stairini ya tabaka linalofuata huikunja. Hadina yake iwe asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Chini ya 1 haiivi kabisa. Mkeka wa kwanza uwe mwepesi, gramu 300, peke yake, ukaachwa ukauke, kisha ile ya gramu 450, miwili kwa siku. Mkeka mmoja wa gramu 450 hutoa kama milimita 1. Tamaa ya kumaliza kalibu ya milimita 7 kwa mchana mmoja huleta joto ambalo gamba la epoksi linaweza kulistahimili lakini povu chini yake haliwezi. Linanywea, gamba linakosa mgongo, na sura ya kalibu inazama taratibu bila mtu kuona.

Kwa jasi, gamba lolote lililozibwa vizuri linatosha, likipakwa mafuta mazito kwa wembamba. Modeli ya kushindiliwa mchanga inataka gamba nene na ukingo ulioimarishwa kwa mbao. Hilo lisichanganywe na njia ya kuacha povu ndani ya mchanga liyeyushwe na chuma, ile iliyopewa hataza ya Harold Shroyer huko Marekani mwaka 1958. Huko epoksi ni sumu ya kazi: povu hupakwa uji mwembamba wa madini unaostahimili moto na kupitisha gesi, basi.

Kuhusu usalama, makala ilitaja barakoa na kuishia hapo. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Kwa rezini na thina inahitajika yenye kichujio cha mvuke wa kikaboni. Hadina ya epoksi huamsha mzio wa ngozi ambao ukishaanza haurudi nyuma, kwa hiyo glavu za nitraili tangu kopo la kwanza, na mikono isioshwe kwa thina. Hadina ya poliesta ni peroksidi. Isikutane kamwe moja kwa moja na kiongeza kasi cha kobalti, maana mchanganyiko huo hulipuka. Kimoja hukorogwa ndani ya rezini hadi kiishe, ndipo kingine kifuate. Vipande vya polistirini vinashika moto haraka na kudondosha matone yanayowaka, hivyo visirundikwe chumba chenye waya wa moto, wala visichomwe jalalani.

Kutoa modeli kuna subira yake. Kalibu ya faibaglasi ikae juu ya modeli wiki moja kabla ya kuguswa, kwani ikitolewa mapema hujipinda. Tumia kabari za mbao au plastiki kuzunguka ukingo wote, kidogo kidogo. Maji ya vuguvugu yakiingizwa kwenye mwanya huyeyusha ule utando wa polivinili, na mara nyingi hapo kalibu huachia yenyewe. Modeli ikikwama, usimwage asetoni ili uyeyushe povu. Asetoni haipenyi gamba la epoksi kwa urahisi, lakini italainisha jelikoti kwanza, na silikoni huivimbisha. Pasua povu kwa kisu kutoka nyuma, litoe kwa vipande hadi libaki gamba tupu, kisha likunje gamba kuelekea ndani.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa modeli na kalibu